Mteja Aliyetaka Kioo Kizimwe

Wanaosema niliota waniambie kwanza nililala saa ngapi, maana jua lilikuwa halijatua na kahawa mkononi mwangu ilikuwa bado ya moto. Wanaosema ni uzee, waje dukani wanitajie kilichoko rafu ya juu na kilichoko rafu ya chini kabla sijawatajia mimi. Na wale wanaonong'ona barazani ati mzee anatunga kisa ili avute wateja, nawauliza: ni mfanyabiashara gani mwenye akili hutangaza duka lake kwa kusema kwamba kiumbe kisicho mtu kiliingia humo, kikapewa kiti? Haya yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya Mji wa Kale, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Nimekasirika, na sifichi. Aliyenifanyia hajaniomba radhi mpaka leo.

Naandika kwa mkono wangu. Shule niliiacha mapema nikaenda kubeba mizigo bandarini, na ufundi nilijifunza kwa kuwachungulia mafundi wa redio waliokuwa wakinifukuza kama mbuzi. Leo nina duka, nina nyumba juu ya duka, na hakuna aliyenishika mkono. Anayenipigia chapa maneno haya ni Zuhura, binti wa marehemu ndugu yangu, niliyemlea. Nimemwambia asininyooshee Kiswahili.

Biashara yangu ni vioo vya kompyuta. Skrini, monita, viiteni mtakavyo. Mimi naviita vioo. Vinakuja vimeshatumika, vyengine kutoka Dubai, vyengine Ulaya, na kila kimoja nakikagua kabla hakijapanda rafu, kwa sababu nikikuuzia kioo kibovu utakwenda kunisema mtaa wa Tononoka mzima.

Kukagua kioo kuna taratibu zake. Nakiwasha, naweka weupe mtupu nione madoa na nukta zilizokufa. Naweka weusi, nafunga mlango, natazama pembeni kama mwanga unavuja. Naweka maandishi madogo, nasoma mpaka macho yaniambie kama yatachoka. Nashika mgongo wake nisikie joto. Mwisho kuna jaribio langu mwenyewe, hakunifundisha mtu: nakizima kabisa, nakielekeza mlangoni, natazama ndani ya ule weusi wake. Mikwaruzo yote hujitokeza kwa mwanga wa nje, na ukijiona sawasawa, nyusi kwa nyusi, basi kioo hicho ni kizima.

Zuhura hulicheka jaribio hilo. "Ammi, hiyo si monita tena, ni kioo cha kinyozi." Yeye mchana huwachorea watu matangazo na kuwaandikia kazi zao, na jioni hucheza michezo ya kompyuta na wenzake, wengine wako Tononoka hapa, wengine wako nchi asizozijua. Kwa hiyo kioo chake lazima kifae kote kuwili. Kwake yeye kioo cha mchezo ni kasi. Husema picha ikikimbia isiache mkia. Mie nilidhani ni maneno ya vijana ya kutafuta kitu kipya, mpaka siku aliponiwekea vioo viwili pamoja, mpira ule ule ukipigwa. Kwenye kimoja mpira ulikwenda na wenziwe nyuma, umefifia, umejirudia, kama moshi wa udi unaomfuata mtu chumbani. Macho yaliniuma. Kwenye cha pili mpira ulikuwa mpira. Alisema kweli.

Sasa sikiza kilichokuwa kikinisubiri wiki ile, ndipo utanielewa hasira yangu.

Binti yangu Rukia ni muuguzi Maskati. Alikuwa anaolewa huko Ijumaa, na mimi ndiye baba, ndiye walii, wa kumuozesha. Lakini daktari wa moyo alinikataza ndege. Watu wakanishauri nimpe mtu uwakili amuozeshe kwa niaba yangu. Nikawaambia, binti nimemlea mwenyewe, namuozesha mwenyewe. Sheikh wa kule, Mungu amlipe, akakubali nimuozeshe kwa kompyuta, kwa sharti moja: anisikie na anione usoni, ajue kwamba ni baba mtu na si mwengine. Asiponiona, hakuna ndoa siku hiyo. Na upande wa bwana harusi walikuwa na wajomba wanaotafuta sababu, hawakumtaka bibi harusi wa ng'ambo tangu mwanzo. Siku ikivunjika, wangeivunja ndoa moja kwa moja. Rukia aliniambia hivyo kwa simu, sauti yake ndogo: "Baba, jitahidi uonekane."

Kwa hiyo nilitafuta kioo bora nilichowahi kukishika. Simu niliikataa. Nilitaka nimuone mwanangu akiolewa akiwa mkubwa kama alivyo, si kama stempu. Na kioo hicho nikishakitumia Ijumaa kingekuwa cha Zuhura, cha kazi yake na mchezo wake.

Nilikipata. Kipana, chembamba, maandishi yake hayachomi jicho, mpira wake hauachi mkia, weusi wake ni weusi wa makaa. Zuhura mwenyewe alikisifu, na yeye si mtu wa kusifu. Alhamisi baada ya alasiri akatoka kwenda kutafuta waya wa kuunganishia kamera. Nikabaki peke yangu dukani na kikombe cha kahawa.

Mtu akaja mlangoni. "Hodi."

Hakutoa salamu. Hodi peke yake, kama anaita nyumba isiyo na watu. Huku kwetu mtu hata akija kukugombeza hukusalimu kwanza, akuulize hali, akuulize watu wa nyumbani, ndipo akugombeze. Nikasema nitamfunza. Nikamsalimu mimi, mzee mwenye mvi.

"Assalamu alaykum."

"Ndiyo," akajibu.

Ndiyo! Umewahi kusikia salamu ikajibiwa ndiyo? Pale pale ningemtoa. Lakini mie ni mtu wa duka, na ulimi wa mtu wa duka umezoea. Nikamwambia karibu. Nikamsogezea kiti. Wallahi, nilimsogezea kiti kwa mkono wangu.

Hakukaa. Alikuwa na kanzu nyeupe isiyo mkunjo hata mmoja, na viatu vikavu, na kichochoro chote nje kilikuwa tope, maana mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Hakunuka udi, hakunuka jasho, hakunuka sabuni. Sura yake msiniulize. Nilimtazama kama ninavyomtazama kila mteja, na kila nikijaribu kuikumbuka naiona kanzu tu. Siku ile sikujiuliza. Mtu hujiuliza baadaye.

Akakiendea kioo changu, kile cha Ijumaa, na vyengine vyote akavipita. Nikamwambia hicho hakiuzwi. Akasema anataka kukitazama tu.

"Ni cha kazi au cha mchezo?"

"Cha vyote viwili, bwana. Mchana kazi, jioni mchezo."

"Picha inaacha mkia?"

Nikafurahi kidogo. Nikasema huyu anajua anachokiuliza. Nikamuwekea mpira ukienda mbio. Kitu kimoja kilinishangaza: hakusimama mbele ya kioo. Alisimama upande, karibu na bega langu, akanitazama mimi nikikitazama. Nikamuwekea maandishi, hakuyasoma. Nikamuwekea mandhari ya milima yenye rangi zote, ile inayowafanya matajiri wa Kizingo wafungue mikoba papo hapo, hakuigeukia.

"Weusi wake?" akauliza.

"Weusi wa makaa."

"Kizime."

Ndipo nilipompenda, nasema kweli. Kwa miaka yote ya biashara hii hapana mteja aliyewahi kuniomba nizime kioo ili akikague. Hilo ni jaribio langu mie. Nikaona nimempata mwenzangu, mtu asiyetazama maboksi na namba zilizoandikwa juu yake. Nikasahau hata ile ndiyo yake. Nikakizima, nikakielekeza mlangoni.

"Kikizimwa kinamshika mtu vizuri?" akauliza.

"Kinamshika kushinda kioo cha kinyozi," nikajibu, nikacheka peke yangu.

Nikatazama ndani ya ule weusi. Niliona mlango, na kichochoro, na vitambaa vya Badi, fundi cherehani wa ng'ambo ya pili, vimetundikwa. Nikajiona mimi. Leo nakumbuka kwa uchungu jinsi nilivyojiona, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho: kofia yangu ya vito iliyoshonwa kwa mkono, kovu la nyusi ya kushoto nililolipata bandarini, ndevu zilizopunguzwa kwa ajili ya nikaha, kikombe mkononi. Na begani pangu, aliposimama yeye, palionekana rafu na waya zinazoning'inia. Nikadhani ni pembe aliyosimama. Vioo vina pembe zao.

"Sura nzuri hii," akasema.

Hakusema mashaallah. Mtu wa huku husifu na mashaallah mdomoni, ili sifa isimdhuru anayesifiwa. Yeye aliisifu kavu. Na mimi, badala ya kushtuka, nilifanya kile ambacho mama yangu alinifunza nikiwa natambaa. Huku kwetu mtu akikisifu kitu chako, saa, bakora, kanzu, chochote, unamwambia, "Karibu, ni chako." Hupimi, hufikiri, ulimi unakwenda wenyewe. Na yeye kwa adabu anakujibu, "Ahsante, kinakupendeza wewe zaidi." Basi, kitu kinabaki kwa mwenyewe, na nyote wawili mmeheshimiana. Tangu nizaliwe sijaona mtu akisifu bakora ya mwenziwe, akakaribishwa, akaondoka nayo. Hata mlevi hafanyi hivyo. Hata mwizi hafanyi hivyo. Mwizi atakuheshimu, kisha arudi usiku.

"Karibu," nikamwambia, "ni yako."

"Nimekubali," akasema.

Nilimgeukia nimuone kama anatania. Hapakuwa na mtu. Kiti nilichomsogezea kilikuwa pale pale, na sakafuni kulikuwa na tope la viatu vyangu tu. Nikageuka kwenye kioo. Mlango ulikuwamo. Vitambaa vya Badi vilikuwamo. Mzee mwenye kofia ya vito alikuwa ananipa mgongo anatoka, kikombe mkononi, anakwenda zake kichochoroni. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, sijanyanyua hata mguu.

Akaishia. Kioo kikabaki na mlango na kichochoro, wala mimi simo.

Nilitoka nje kwa ukali. Badi alikuwa mlangoni kwake, na dirisha lake la vioo liko nyuma yake. Akaniambia, kwa kinyongo, "Bwana mkubwa, leo tumekosana nini? Nimekuona kwenye dirisha langu ukipita, nimekusalimu, ukanitazama hivi hivi."

Umesikia? Ameshachukua sura yangu, na jambo la kwanza alilolifanya nayo ni kumnyima jirani yangu salamu.

Nilirudi ndani, nikafukiza ubani mpaka wapita njia wakakohoa. Nikasoma nilichojua kusoma. Zuhura aliporudi na waya wake nikamwambia abandike kamera tujaribu. Akabandika, akawasha, akakaa yeye. Akaonekana mpaka chunusi. Nikakaa mimi. Kiti kikaonekana, na mto wa kiti umebonyea, na ukuta nyuma yake. Akachomoa, akachomeka, akabadilisha kamera. Akachukua simu yake akanipiga picha. Akapata picha nzuri sana ya kiti. Msichana yule hana woga, michezo yake yote ni ya kuua mazimwi, lakini aliiweka simu mezani kifudifudi, asiitazame tena.

"Ammi," akasema, "umefanya nini?"

"Mimi nimefanya nini? Niulize nimefanyiwa nini!"

Nikamhadithia. Hakucheka. Mama Rukia akashuka, akasikia, akakaa chini sakafuni. Tukampelekea habari mwalimu wetu wa madrasa, mtu ninayemheshimu, na jibu lake liliniudhi kuliko kitendo chenyewe. Alisema hakuibiwa mtu hapa. Umetoa kwa ulimi wako, kikapokelewa kwa ulimi. Zawadi haina polisi. Nikamwambia, mwalimu, ile ilikuwa adabu! Akasema ndiyo, na yule mgeni wako alikuja kutafuta watu wenye adabu. Kwa wasio nayo angepata nini?

Sikulala. Asubuhi ya Ijumaa nikamwambia Zuhura tukae mbele ya kioo kile kikiwa kimezimwa, tumngoje. Ikiwa sheria yake ni adabu yetu, nitamrudia kwa adabu yetu. Nitaisifu sura ile, na akinikaribisha tu, nami nitakubali.

Tulikaa. Zuhura alijiona mwenyewe katika weusi, amekaa kando ya kiti kitupu, nami nimo ndani ya kiti hicho, goti langu linagusana na lake. Jua lilipopanda juu ya paa, mzee akaja. Alitoka ule upande wa mlango, ndani ya kioo, akakaa penye kiti changu. Zuhura akanishika mkono kwa nguvu. Nilikuwa najitazama, kofia yangu, kovu langu, na macho hayakuwa yangu. Yalikuwa yanatutazama kama vile tunavyotazama rangi za milima.

Nikajikaza. Nikasema kwa upole, kama ninavyosema na mteja mkubwa: "Mashaallah, una sura nzuri."

Mdomo wangu, ndani ya kioo, ukafunguka. Zuhura alisikia, muulizeni.

"Najua," kikasema.

Kikanyanyuka, kikaondoka.

Najua! Niliinua kile kiti nikivunje kioo, na Zuhura ndiye aliyenizuia. "Ammi, ukivunja, Rukia tutamuozesha kwa nini?"

Basi tukangoja alasiri. Nilivaa kanzu yangu ya Idi na joho. Badi akaja, na Sharifu muuza vitambaa akaja, kuwa mashahidi wa upande wetu. Nilishawaeleza, Sharifu aliniamini nusu. Zuhura akaunganisha. Kioo kikajaa chumba cha Maskati: zulia, maua, sheikh na ndevu zake, bwana harusi kijana mpole, wajomba wake ukutani wamekunja mikono. Na pembeni, kwenye mlango wa chumba cha wanawake, upande wa mtandio wa kijani. Nilijua ni Rukia.

Nikasalimu. Wakajibu.

"Mzee," akasema sheikh, "tunakusikia. Hatukuoni. Tunaona kiti."

"Mimi niko kitini."

Sheikh akasogea karibu na skrini yake. Akasema labda kamera. Zuhura akapita mbele ya kamera, akaonekana wazi, akarudi. Badi akaweka mkono begani kwangu, na Sharifu begani upande wa pili, wakaapa kwamba baba wa bibi harusi yumo baina yao. Kule Maskati waliona watu wazima wawili wameshika hewa kwa heshima kubwa. Mjomba mmoja akasoma audhubillahi kwa sauti, akauliza kama si mtu, basi ni nini kinachosema? Akasema hii si ndoa, hii ni michezo, watu wanyanyuke. Na wakaanza kunyanyuka. Niliwaona wakitafuta viatu. Na ule mtandio wa kijani ukarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyekwishajua kwamba siku yake imevunjika.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilikuwa nimevumilia tangu jana. Nikapiga kelele ambayo daktari wangu hangeipenda. Nikamwambia mjomba kwanza akae, hakuna aliyemruhusu. Nikamwambia kwamba nimebeba magunia bandarini ili binti huyu asome, na simtoi kwa mtu yeyote nikiwa nimejificha. Na kama haoni, basi atazame walivyokiweka hicho kioo chao, wamekigeuzia dirishani jua lote linaingia, kioo cha namna hiyo ungemuona nani ndani yake, hata mama yako mzazi akikaa hapa hutamuona. Na rangi mmezipandisha mpaka maua yameungua, nani aliyewawashia kitu hicho, na mto ule nyuma ya sheikh umepinduka, unyosheni, ni aibu, hii ni nikaha!

Wote wamesimama na viatu mkononi.

Kisha nikasikia mtu anacheka huku akilia. Rukia alikuwa ametoka mlangoni, hajali wajomba, hajali mtu, analia na kucheka.

"Sheikh," akasema, "huyo ni baba yangu. Shetani gani angepata ghadhabu kwa ajili ya mto?"

Bwana harusi naye akacheka, Mungu amuweke. Sheikh akaufuta uso wake kwa kiganja. Akamuuliza Rukia kama anaapa. Akaapa. Akawauliza Badi na Sharifu tena, wakaapa. Akatazama kile kiti kitupu kwa muda mrefu, na nilimuona amejua kwamba hili si jambo la kamera. Kisha akasema kwa upole, "Walii, endelea."

Nikatamka. Nikamuozesha binti yangu kwa ulimi wangu, na bwana harusi akajibu, "Nimekubali." Mwili wangu wote ulisisimka kwa neno lile. Nililisikia jana yake, dukani, kwa sauti nyengine. Lakini huyu alilisema na machozi machoni, na akaongeza "ahsante, baba."

Mjomba alikuwa ameunyosha mto.

Kioo kile kilikuwa kizuri, nasema kwa haki. Nilimuona mwanangu mkubwa kama alivyo, hina mkononi mpaka michoro midogo, na alipogeuka upesi kumkumbatia mama mkwewe, picha haikuacha mkia. Nilimuona. Yeye aliona kiti. Nimekasirika, na mtu asiniambie nishukuru.

Tangu siku hiyo simo katika kioo chochote, kiwe cha kompyuta, cha simu, cha bafuni. Picha ya kitambulisho sina. Afisa aliyejaribu kunipiga picha alibadilisha mashine mpaka akanifukuza. Ndevu hunikata Mama Rukia, na husema sasa itabidi nimwamini yeye akisema nimezeeka vizuri. Mpwa wangu mmoja mwenye digrii alinieleza kwamba ni mwanga. Nikamwambia akae penye mwanga huo huo. Akajiona. Akasema ni mwanga wa aina nyengine.

Na yule mwengine anazurura. Bibi mmoja wa Kizingo alinirudishia kioo alichokuwa akikitazamia televisheni, akasema kila akikizima anamuona yule mzee aliyemuuzia amekaa kwenye kochi lake, nyuma yake, anakunywa kahawa. Alimsalimu, hakujibiwa. Kijana wa Tononoka aliniona kwenye simu yake iliyoisha chaji. Alinisalimu, sikumjibu. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kuacha salamu ya mtu ikaanguka chini!

Kwa hiyo wewe unayenunua kioo, kikague. Weupe, weusi, maandishi, mpira uende mbio, shika mgongo wake. Jaribio la kukizima lifanye ukiwa peke yako. Na mtu usiyemjua, asiyejua salamu, akikisifu kitu chako bila mashaallah, uume ulimi wako. Adabu yetu ni ya watu wenye adabu.

Na haya pengine unayasoma kwa simu. Ukimaliza itazimika yenyewe. Itazame. Ukimuona nyuma yako mzee wa kofia ya vito, kovu kwenye nyusi ya kushoto, kikombe mkononi, usikimbie, wala usimsifu. Huyo si mgeni, ni wangu. Mwambie kwamba kila Ijumaa baada ya alasiri Rukia hupiga simu kutoka Maskati, na amezoea kuzungumza na kiti. Mwambie kiti ki tupu. Aje akae.